Pakiti ya taroti ya Rider-Waite kwa mtu wa Mwaloni

Nauza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Jioni nikishamaliza mahesabu huwa nafunua karata moja ya taroti, zile karata za picha ambazo wengi huzitumia kutabiri, naitazama, naandika mistari michache kwenye daftari, kisha naendelea na mambo ya nyumbani. Hayo ndiyo matumizi ninayoipimia pakiti hii. Siitumii kutabiri, simwangalizii mtu bahati yake, wala siiulizi gunia litauzwa bei gani wiki ijayo. Anayetaka kuambiwa kesho yake itakuwaje hatapata kitu hapa. Lakini kama unatafuta namna ya kukaa na siku uliyoimaliza, uitazame vizuri kabla hujaisahau, endelea kusoma. Pakiti hii imenifaa sana. Pia ina mambo ambayo mtu wa Kanda ya Ziwa anapaswa kuyajua kabla hajatoa hela yake, na hayo nitayasema bila kuzungukazunguka.

Aliyeniagizia ni binti wa kaka yangu, wakati huo akisoma chuo pale Malimbe. Ilitoka Dar es Salaam kwa basi, na pamoja na gharama ya kuusafirisha mzigo nililipa shilingi 90,000. Jina la Rider-Waite limetokana na kampuni ya Rider ya London iliyoitoa mwaka 1909, na Arthur Edward Waite aliyeipanga na kuiandikia maelezo. Aliyechora picha zote hakuingizwa kwenye jina hilo. Ni Pamela Colman Smith, mwanamke aliyezaliwa London mwaka 1878 na kuishi Jamaika sehemu ya utoto wake. Huko alizisikia hadithi za Anansi, yule buibui mjanja ambaye watu waliochukuliwa utumwani walivuka naye bahari kutoka Afrika Magharibi. Alipomaliza michoro ya taroti alimwandikia rafiki yake kwamba amemaliza kazi kubwa kwa hela kidogo sana. Alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni, na leo picha zake zinauzwa dunia nzima. Mimi biashara yangu ni ya mali kauli, najua maana ya kutoa mzigo ukabaki na ahadi mkononi, na habari ya mama huyu iliniuma. Baadhi ya matoleo ya siku hizi yanaweka jina la Smith kwenye boksi pamoja na hao wengine. Ukikuta toleo la namna hiyo, chukua hilo.

Mtu anayecheza karata za kawaida hatajiona mgeni. Pakiti ina karata 78. Kati ya hizo, 56 zimegawanyika katika mafungu manne ya kopa, uru, shupaza na pau, ila hapa vitu vyenyewe vimechorwa vikiwa kamili: kopa ni vikombe, uru ni sarafu, shupaza ni panga, pau ni magongo. Kila fungu lina 14, kuanzia ree hadi kumi, halafu mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Zinazobaki 22 ni turufu, na kila moja ina jina lake: Mjinga, Mkaa Pweke, Mnara, Nyota, Mwezi na nyinginezo. Watu wengi huvutiwa na turufu kwa sababu ndizo zenye majina makubwa. Mimi naona thamani ya pakiti hii iko kwenye zile 56. Katika pakiti nyingi za kale, karata ya tano ya shupaza ni panga tano tu zimepangwa, basi. Smith alichora watu wakifanya jambo: mmoja anachonga sarafu kwenye benchi lake la kazi, mwingine anaondoka usiku akiviacha vikombe alivyovipanga, wawili wanapita kwenye theluji chini ya dirisha la kanisa lenye taa. Theluji sijawahi kuiona. Kupita nje ya nyumba yenye taa huku huna kitu mfukoni, hilo nimelipitia, na nadhani wengi wetu tunalijua.

Wakatoliki wenzangu wa jumuiya waliniuliza mapema kama nimeanza uaguzi. Swali lao lina haki yake. Katekisimu namba 2116 inakataa kila aina ya uaguzi, na Waislamu jirani zangu nao wana katazo lao kwenye Al-Maida aya ya 90, palipotajwa mishale ya ramli. Nilichowajibu ni historia. Taroti ilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15 kama mchezo wa karata wa watu wa majumba makubwa, wenye turufu za kulia karata za mwenzako, na huko Ulaya wapo wanaoicheza hivyo hadi leo. Habari kwamba ni hekima ya siri ya Misri ilienezwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, wakati ambapo hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Yalikuja kusomwa baada ya kazi ya Champollion ya mwaka 1822. Kwa hiyo picha hizi ni picha. Uaguzi unaanzia kwenye swali analolileta mtu. Katekista wetu alinisikiliza hadi mwisho, akasema yeye hataziweka nyumbani kwake, na mimi naliheshimu jambo hilo. Asiyeridhika moyoni asinunue.

Tuje kwenye kitu chenyewe unachokishika. Karata ni kubwa kuliko za kuchezea, kama sentimita 7 kwa 12, na mwenye viganja vidogo atapata taabu kuzichanganya kwa mtindo wa kijiweni. Mimi nazitandaza mezani kifudifudi na kuzikoroga kwa mikono miwili. Karatasi yake ina mng'ao, na kwa unyevu wetu wa ziwani, masika yakikolea, zinaanza kushikana. Unga wa muhogo kidogo sana, uliopanguswa kwa kitambaa kikavu, umezisaidia zangu. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujazigusa. Mafuta ya dagaa yakiingia kwenye karata hayatoki, na harufu ndiyo kabisa. Kijitabu kilichokuja ndani ni cha Kiingereza, na herufi zake ni ndogo kiasi kwamba nililazimika kuazima miwani. Baadaye nitaeleza kwa nini nimekirudisha kwenye boksi nikakiacha humo.

Namna ninavyozitumia nimeipata polepole, na yule binti wa kaka yangu alinisaidia mwanzoni. Nafunua moja tu. Kwanza nasema kwa sauti ninachokiona, kama ninamweleza mtu asiyeona: mwanamume ameinama, amebeba magongo kumi, uso wake umezama ndani ya mzigo, mbele kuna mji. Hapo bado sijasema maana yoyote. Kisha najiuliza, humu ndani mimi ni nani leo? Halafu naandika. Sehemu ya kwanza ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanaoiruka. Ukianza na maana, akili inakimbilia kujitetea. Ukianza na kilichochorwa, unashtukia umeanza kuzungumzia siku yako mwenyewe bila kujibana.

Huyo mbeba magongo ni Kumi ya Pau. Alipotoka mara ya kwanza, kichwa changu kilikwenda moja kwa moja kwa makuli wa Mwaloni. Wale vijana hubeba magunia kutoka kwenye boti hadi kwenye lori wakipita kwenye ubao mwembamba, na kuli mzoefu hainamishi uso hivyo hata siku moja. Anatazama anakokwenda, mzigo anauweka mabegani, na anajua mahali pa kuutua. Mtu wa kwenye karata hajui kubeba. Niliandika hivyo, kisha nikaandika orodha ya mizigo yangu ya wiki ile: ada, kikoba, mgonjwa hospitali ya Bugando, gunia zilizorudishwa kwa sababu ya mchanga. Pembeni ya kila mmoja nikaandika unatuliwa wapi. Mgonjwa wa Bugando nilikuwa nabeba peke yangu wakati ndugu wako watatu mjini. Kesho yake nikapiga simu.

Karata ya Mwezi nataka niikalie kidogo, kwa sababu inaonyesha jinsi pakiti ya Ulaya inavyoweza kuzungumza na mtu wa ziwani, na pale inaposhindwa. Picha yake ni mwezi wenye uso, minara miwili, mbwa na mbwa mwitu wakibweka, na chini kiumbe kama kamba mwenye magando akitoka majini. Maelezo ya Waite yanasema ni hatari, giza, udanganyifu, maadui waliojificha. Sasa mwambie hayo mvuvi wa dagaa. Dagaa wetu huvuliwa usiku usio na mwezi. Taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanaufuata mwanga, ndipo wanazingirwa na wavu. Mbalamwezi ikipamba, taa inakosa nguvu, mitumbwi inalala ufukweni, vichanja vinabaki vitupu, na Mwaloni panapungua kelele. Kwetu giza ndiyo riziki, na mwanga ndio unaoleta njaa.

Kwa hiyo karata ile ilipotoka sikushughulika na maadui. Niliandika kuhusu siku za mbalamwezi, nakuwaje mtu wa namna gani wakati hakuna kazi. Halafu nikarudi kwenye kurasa za nyuma za daftari, na hapo nikakiona kitu ambacho bila daftari nisingekiona: magomvi ya nyumbani karibu yote yameangukia kwenye wiki za mbalamwezi. Mume wangu ni fundi wa injini za boti, naye kazi zake zinalala wakati ule ule. Tulikuwa tunagombana kuhusu chumvi, kuhusu nani kaacha mlango wazi, kumbe ni mwezi. Nilimwonyesha zile kurasa. Alikaa nazo muda mrefu, akasema, "Mama watoto, basi tuwe tunatenga hela ya mbalamwezi wakati wa giza." Ndivyo tunavyofanya sasa. Kila msimu wa giza ukianza, kabla ya kununua mzigo mpya, kuna fungu linawekwa pembeni, na halichukuliwi mpaka mitumbwi ilale. Shilingi 90,000 zangu zilirudi hapo.

Jambo jingine lililonigusa ni Sita ya Uru. Mfanyabiashara mwenye nguo nzuri ameshika mizani, anatoa sarafu kwa watu wawili waliopiga magoti. Mmoja anapokea, mwingine bado amenyoosha mikono. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kumpigia simu mnunuzi wa mkoani aliyechukua mzigo kwa mali kauli na kupitisha ahadi ya kulipa. Nikajiuliza, mimi ni nani humu? Nilikuwa yule wa mikono mitupu. Nilikuwa nimepiga magoti nikiomba hela ambayo ni yangu. Sauti niliyotumia kwenye simu ilinirudia masikioni: samahani kaka, nisaidie kaka, hata kidogo. Niliandika upya maneno ya kumwambia, nikayasoma kwa sauti mara kadhaa, na asubuhi nikampigia: mzigo ni wa tarehe fulani, kiasi ni hiki, naomba unipangie siku za kulipa leo, na mzigo mwingine utatoka hilo likikamilika. Alilipa nusu mwezi ule. Nusu nyingine bado naidai wakati naandika haya, lakini mazungumzo yetu yamebadilika na magotini sijarudi.

Sita ya Shupaza ilitoka wiki tuliyorudi Nansio, kisiwani Ukerewe, kumzika mama mkubwa. Mvushaji anasukuma mtumbwi, mbele yake mwanamke aliyejifunika na mtoto, na panga sita zimechomekwa sakafuni mwa chombo. Niliiweka juu ya kabati ikakaa hapo mpaka arobaini. Sikuandika chochote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike maoni haya badala ya kumwonyesha tu rafiki pakiti yangu. Alinijia mama mmoja jirani, hela za kikoba zimepotea nyumbani kwake. Akasema, "Dada, nasikia una karata. Nifunulie nijue ni nani." Karata zilikuwa mezani na ya juu ilikuwa imefunuliwa: Malkia wa Shupaza. Ni mwanamke mtu mzima ameketi peke yake, uso mkavu, upanga mkononi. Mama huyu anaishi na mama mkwe wake, mjane, kikongwe, na wote wawili hawapikiki chungu kimoja. Mnaelewa ningefanya nini kama ningemwacha aitazame ile picha na swali lake likiwa hewani. Nisingehitaji kusema neno. Jina angekuwa amelipata.

Nilizikusanya karata nikazirudisha kwenye boksi mbele yake. Nikamwambia karata hazimjui mwizi. Tulikaa tukaandika ni siku gani hela ilihesabiwa mara ya mwisho, nani ana funguo, nani aliingia, kisha nikamsindikiza kwa mwenyekiti wa kikoba na kwa mjumbe.

Watu wa mbali wanaweza kuona nimezidisha. Wa Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu wanajua. Bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni na samadi kwa miaka yote waliyotupikia. Nyuma ya mauaji hayo mara nyingi pamekuwa na mtu aliyepiga ramli chonganishi akataja mlango wa nani. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa njia hiyo hiyo. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928, na Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli hao baada ya watoto wenye ualbino kushambuliwa. Mtu anayeingiza karata za picha katika nchi hii ya ziwa anaziingiza mahali ambapo kumtazamia mtu mwingine kunaweza kumaliza uhai wa bibi wa watu.

Na hapa kijitabu kina kasoro kubwa. Maelezo ya Waite kuhusu Malkia wa Shupaza yanataja ujane na huzuni za mwanamke. Akitoka kichwa chini, yanataja nia mbaya, hila na udanganyifu. Karata nyingine za malkia na wafalme zinaelezwa kwa rangi ya mtu, mweusi au mweupe, kana kwamba kila karata ni mtu fulani anayetembea mtaani kwenu. Mjane mwenye hila: hebu yapeleke maneno hayo kijijini, umpe mtu mwenye hasira na mtoto mgonjwa. Ndiyo maana kijitabu changu kinakaa ndani ya boksi, na ndiyo maana sisomi karata kichwa chini. Ikitoka imepinduka, naigeuza. Sheria yangu ni moja na siilegezi kwa mtu yeyote: swali lenye jina la mtu mwingine halifunuliwi karata. Siulizi kwa nini wifi ananichukia. Naweza kuuliza mimi nikiwa na wifi nakuwa mtu gani. Ugonjwa nao haufunuliwi karata. Homa inapimwa kwa kipimo, hospitali.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa taroti hawatakubaliana nami. Karata ya Kifo, namba 13, mifupa juu ya farasi mweupe, huwa naiondoa kabisa kama nyumbani kuna mgeni aliyefiwa karibuni. Wanasema pakiti lazima iwe kamili, na kwamba karata ile inahusu mabadiliko, tena kwa nyuma jua limechorwa kati ya minara miwili. Yote najua. Lakini mtu mwenye msiba mbichi haoni jua lile, anaona mifupa. Karata 77 zinatosha.

Niseme kidogo kuhusu zile karata zinazoitwa orako, kwa sababu wengi wanaanza nazo wakidhani ni kitu kimoja na taroti. Orako hazina mafungu wala turufu. Kila mtunzi anaamua idadi na picha zake, na mara nyingi maneno yamechapwa kwenye karata yenyewe. Niliazima pakiti moja ya karata 44, karatasi nzuri kuliko ya taroti yangu, rangi za kupendeza, pomboo na malaika. Kila nikifunua naambiwa mimi ni nuru, niamini njia yangu, mafanikio yanakuja. Maneno matamu. Ila karata imeshasema, mimi nimebaki na kazi gani? Daftari langu la siku zile lina mistari ya kunakili tu. Anayepita kipindi kigumu sana, asiye na nguvu ya kufikiri, huenda akahitaji kusemeshwa kwa upole namna hiyo, na simkatazi. Kwa mtu anayetaka kuichimba siku yake, taroti iko mbali zaidi.

Kilichonishangaza ni orako alizotengeneza binti wa kaka yangu kwa manila ya stesheni, amekata kwa mkasi na kuchora kwa kalamu ya wino. Hakuandika maneno. Amechora kichanja chenye dagaa na mvua inakuja. Amechora jiwe juu ya jiwe kama yale ya Capri Point hapa Mwanza, jinsi yanavyokaa bila kuanguka. Kuna mwanamke kwenye kivuko ameshika kuku, daladala imejaa na mtu mmoja kabaki kituoni, karabai imezimika katikati ya ziwa. Hiyo ya karabai ilinifanya niandike kurasa tatu usiku mmoja, jambo ambalo hakuna karata ya Ulaya imenifanyia. Gharama yake haikufika shilingi 5,000. Kama ningekuwa naanza leo na hela ni ya mawazo, ningeanza kwa kutengeneza za kwangu, picha ishirini au thelathini za mambo ninayoyaona kila siku, bila neno hata moja juu yake. Taroti ningeinunua baadaye, kwa sababu ina kitu ambacho mtu hawezi kujitengenezea kirahisi: picha alizozichagua mtu mwingine, zikiwemo zile ambazo wewe usingependa kujichorea.

Programu za simu nilijaribu moja. Inakutumia ujumbe alfajiri ukiwa kwenye mzigo, inakudai ulipie ili uone zaidi, na inaingiza mambo ya mapenzi hata kama hukuuliza. Nimeifuta.

Kwa hiyo, pakiti ya Rider-Waite naipa nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya kijitabu, wala si ya picha. Inamfaa mtu mzima mwenye mazoea ya kuandika au aliye tayari kuanza, anayeweza kukaa peke yake robo saa bila simu, na ambaye akijiwa na jirani mwenye hasira ataweza kusema hapana. Haimfai mwenye tabia ya kutafuta mchawi wake, na tafadhali usimpe zawadi mtu wa namna hiyo. Chukua ukubwa wa kawaida, kwa sababu kwenye zile ndogo za mfukoni michoro inabanana na watu wa nyuma ya picha hawaonekani. Uliza muuzaji kama zina mng'ao au hazina, na kama anazo zisizo na mng'ao chukua hizo, zinavumilia unyevu vizuri zaidi. Nunua na daftari gumu la kurasa nyingi siku hiyo hiyo, uandike tarehe juu ya kila ukurasa, na kama unaishi kwa kazi ya ziwa, andika pia kama ni giza au mbalamwezi.